Shajara ya mradi: Kusubu sanamu ya Shakyamuni kwa shaba, Patan

11 Februari 2024: Vipimo

Kazi ni sanamu ya Buddha Shakyamuni, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, aliyeketi, kimo sentimita 22 pamoja na kiti chake cha yungiyungi, kwa shaba nyekundu, kisha ipakwe dhahabu kwa moto. Imeagizwa na familia moja ya hapa Patan, mji wa bonde la Kathmandu, Nepali, kwa ajili ya chumba chao cha ibada. Mwalimu wangu ameniachia niishike tangu nta mpaka mwisho, yeye akinisimamia. Karakana iko upande wa Oku Bahal. Mtaani humu familia za ukoo wa Shakya zinasubu sanamu kizazi baada ya kizazi, na zinajihesabu kuwa za ukoo uleule aliozaliwa Buddha.

Nawaandikia hasa mafundi wa kwetu wanaoyeyusha alumini na kuimimina kwenye mchanga, wa sufuria na wa vipuri, kwa kuwa nami nilianzia huko. Mengi mnayoyajua yanafaa hapa. Tofauti ni joto (alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, shaba 1,085) na kwamba kalibu huvunjwa, haitumiki tena: sanamu huundwa kwanza kwa nta, hufunikwa udongo, nta huyeyushwa itoke, na shaba humiminwa mahali pake.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Kipimo kinaitwa angula, yaani upana wa kidole, ila si kidole cha fundi, ni sehemu ya sanamu yenyewe. Uso kutoka ukingo wa nywele hadi kidevu ni vidole 12. Mkono kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni 12 pia. Mwili ukisimama ni vidole 120, na yako maandiko yanayohesabu 125. Kwa ukubwa wetu kidole kimoja kimeangukia milimita 2.6 hivi, kwa hiyo uso mzima hauzidi milimita 32.

Nilidhani vipimo hivi ni vya kupendezesha tu. Mwalimu akanieleza kwamba sanamu iliyokosewa vipimo haifai kuombewa, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu vipimo ni sehemu ya sura ya Buddha kama yalivyo masikio. Na masikio yenyewe yana habari: yameteremka marefu kwa sababu ya vipuli vizito alivyovaa akiwa mwana wa mfalme, naye alivivua alipoondoka nyumbani. Nundu ya utosini na alama kati ya nyusi ni miongoni mwa alama 32 za mtu mkuu. Vishungi vya nywele vyote vinazunguka kulia. Kila kishungi nitakitengeneza peke yake.

Gharama hadi sasa: rupia 4,200 za Nepali, karibu zote kwa vijiti vya kuchongea nta, vilivyotengenezwa kwa pembe ya nyati. (Mwaka 2024 rupia moja ilikaribiana na shilingi moja ya Kenya, na kwa shilingi za Tanzania ilikuwa kuzidisha kwa 20 hivi.)

17 Machi 2024: Nta

Nta ya nyuki peke yake haifai, ni laini na haishiki mkato. Huchanganywa na utomvu mkavu wa mti wa sal, ambao huifanya iwe ngumu, na samli kidogo ya kuilainisha. Kiasi hubadilika kwa majira: baridi ikizidi unaongeza samli, joto likizidi unaongeza utomvu. Hakuna aliyeandika kiasi hicho popote. Mwalimu hukunja ukanda wa nta kwa vidole, akasikiliza unavyokatika.

Kiwiliwili kimetengenezwa kikiwa wazi ndani, ukuta wa nta milimita 3 hadi 4. Ukuta ukiwa mnene shaba hupoa kwa kutolingana na kubonyea. Na ule uwazi wa ndani una kazi yake mwishoni, nitaufikia.

Nta na utomvu: rupia 2,300.

28 Aprili 2024: Mkono wa kulia

Mwezi huu wote umekwenda kwenye mkono mmoja.

Ishara iliyoagizwa ni bhumisparsha, kugusa ardhi. Usiku ule wa Bodh Gaya, India, alipoamka kiroho, Siddhartha (jina lake kabla ya kuwa Buddha) akiwa chini ya mti, Mara, pepo mjaribu, alimjia na majeshi yake na kumuuliza ni nani atakayemshuhudia kwamba anastahili kukaa pale. Hakumjibu kwa neno. Alishusha mkono wa kulia, akaigusa ardhi, na ardhi ikawa shahidi wake. Mkono wa kushoto ulibaki mapajani, kiganja juu, ungali kwenye tafakuri. Kwa hiyo mikono miwili inasema mambo mawili kwa wakati mmoja, na ule wa kulia ukishindwa kufika chini, hakuna ushahidi.

Wetu haukufika. Ncha ya kidole cha kati iliishia juu ya kiti, pengo la unene wa kucha. Vipimo vya mkono vilikuwa sahihi: vidole 20 bega hadi kiwiko, 16 hadi kifundo, 12 kiganja na vidole. Tatizo lilikuwa bega, limeinuka kidogo wakati vipande vya nta vinaunganishwa. Dawa ya haraka ingekuwa kuvuta vidole virefuke, na nimeona sanamu za bei rahisi madukani Thamel, mtaa wa watalii Kathmandu, zilizofanywa hivyo, vidole kama vijiti. Tumekata begani, tukaondoa kabari nyembamba ya nta chini ya kwapa, tukaunganisha upya kwa kijiti cha moto. Kiungo kimefichika vizuri ingawa bega la kulia liko wazi bila vazi.

Halafu likaja joto la Aprili. Alasiri moja vidole vililegea vyenyewe na kulala juu ya kiti. Tumeviondoa na kuvitengeneza upya kwa nta yenye utomvu mwingi zaidi, na sasa kiwiliwili hulala ndani ya beseni la maji baridi kila tunapofunga kazi. Anayetaka kujaribu hili Mombasa au Dar, aanze na mchanganyiko mgumu kuliko anavyodhani na afanye kazi ya vidole alfajiri.

26 Mei 2024: Vajra ndogo iliyobadilisha jina

Juzi tarehe 23 ilikuwa Buddha Jayanti, mwezi mpevu ambao huadhimishwa kuzaliwa kwake, kuamka kwake na kufa kwake. Karakana zilifungwa. Siku iliyofuata mwenye kuagiza alikuja na kuhani wa familia, Vajracharya, kuangalia nta.

Kuhani alizunguka meza mara moja, akaonyesha mbele ya kiti. Pale palikuwa na vajra ndogo imelala, ile silaha ya radi inayoashiria kisichovunjika. Ilitoka kwenye kalibu ya zamani ya viti tunayotumia kupata nakala za nta. Aliuliza: mliambiwa mtengeneze Shakyamuni au Akshobhya?

Hili nataka mlielewe vizuri. Akshobhya ni mmoja wa Mabuddha watano wa pande za dunia, wa mashariki, jina lake maana yake asiyetikisika. Naye huketi vilevile, hugusa ardhi kwa mkono uleule, mara nyingi huvaa vazi lilelile la mtawa. Kwenye picha ya rangi hupati shida, yeye ni wa bluu. Kwenye shaba iliyopakwa dhahabu hakuna bluu, basi macho ya mjuzi hutafuta alama, na alama yake ni vajra. Zipo sanamu za Shakyamuni zenye vajra kitini, kwa sababu mahali alipoamka huitwa kiti cha vajra, lakini kuhani alitaka sanamu isiyoleta maswali.

Tumeiondoa vajra kwa kisu cha moto na kusawazisha petali mbili za mbele. Mkono wa kushoto utapewa bakuli la kuombea chakula, alama ya mtawa, ambalo Akshobhya hana haja nalo. Bakuli litasubiwa peke yake na kukaa kiganjani kwa kijino kidogo.

Sikupoteza pesa yoyote hapa. Ila kama tungeshasubu, ingebidi kiti kizima kirudiwe.

7 Julai 2024: Udongo

Mirija ya nta imeunganishwa chini: miwili mikubwa ya kuingizia shaba, mingine myembamba ya kutolea hewa. Tabaka la kwanza ni udongo laini uliochujwa, umechanganywa na kinyesi cha ng'ombe mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto. Hili ndilo linaloshika kila mkunjo wa vazi na kila kishungi, na nyuzinyuzi za kinyesi huzuia udongo usipasuke na kuacha vijinjia vya hewa zikiungua. Yanafuata matabaka mazito ya udongo na pumba za mpunga. Ndani ya kiwiliwili tumejaza udongo wa pumba, tukapigilia vipini vya chuma kupita kwenye nta ili udongo wa ndani usihame nta itakapotoka.

Udongo, pumba, waya: rupia 900.

11 Agosti 2024: Nyufa

Mvua za monsuni hazikauki. Kalibu hukaushwa kivulini, kamwe si juani, na kivulini Agosti kila kitu kina unyevu. Kalibu ya kiti ilipata tabaka la pili wakati la kwanza lingali bichi ndani, maana juu lilikuwa limeshakauka na likatudanganya. Ufa ulijitokeza kuzunguka ukingo wote wa petali za chini.

Tumeuziba kwa udongo wa tabaka la kwanza, ukasuguliwa ndani kwa brashi yenye maji, kisha pakafungwa waya. Mwalimu hakuufurahia. Angependa kuivunja na kuanza upya, lakini nta ya kiti ilikuwa na kazi nyingi ya petali, tukakubaliana kuijaribu. Kalibu ya kiwiliwili ni nzima. Ili kujua kama imekauka, tunachoma sindano ndefu mahali pa siri na kuigusa mdomoni: ikiwa baridi, ndani bado kuna maji.

15 Septemba 2024: Kusubu

Kwanza nta inatolewa. Kalibu hupashwa moto zikiwa zimeinamishwa, nta hutiririka kwenye maji na kukusanywa, itatumika tena. Baadaye kalibu huchomwa tanurini mpaka ziwe nyekundu, kwa sababu shaba ikikuta kalibu baridi huganda kabla ya kufika nchani.

Kujua shaba kiasi gani, pima nta kabla ya kuifunika udongo na uzidishe kwa tisa na kidogo, kwa kuwa shaba ni nzito kiasi hicho kulinganisha na nta. Sisi: nta gramu 320 kwa kiwiliwili na kiti, basi shaba kilo 3. Ongeza ya mirija na ya akiba. Tuliyeyusha kilo 5.

Mtauliza kwa nini shaba tupu, wakati kila msubu anajua ni ngumu kuimimina, ni nzito kutiririka na hunyonya hewa. Ukiichanganya na bati, risasi au zinki hutiririka vizuri zaidi. Jibu ni dhahabu: zebaki na dhahabu hushika vizuri kwenye shaba safi, lakini risasi na zinki huleta madoa. Mafundi wa bonde hili wamechagua kuteseka kwenye tanuri ili wasiteseke mwishoni. Ustadi huo ulijulikana mbali zamani. Arniko, fundi wa karne ya 13 wa kabila la Wanewari wa bonde hili, alichukuliwa Tibet na kisha kwenye baraza la Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia, na stupa nyeupe (mnara wa ibada wa Kibuddha) aliyoijenga bado imesimama Beijing.

Mwali ulipogeuka kijani juu ya chungu, mwalimu aliinua mkono. Kiwiliwili kilijaa moja kwa moja, shaba ikachungulia kwenye njia za hewa. Kiti hakikujaa. Shaba ilitoroka kwenye ule ufa, na tulipovunja udongo tulikuta petali tano za chini hazipo, na pembeni ukingo mwembamba wa shaba umejitokeza kama jani.

Kiwiliwili kimetoka na vitundu vichache mgongoni. Vidole vyote vitano vya mkono wa kulia vipo. Cha kati kinagusa.

Shaba rupia 7,500, makaa na tanuri 3,500. Jumla ya mradi mpaka leo rupia 18,400.

20 Oktoba 2024: Kiti kwa mara ya pili

Mvua ya Septemba 27 na 28 ilifurika bonde zima na kuua watu wengi nchini. Karakana yetu iko juu, haikuingia maji, ila mafundi wawili wana ndugu kandokando ya mto Nakkhu na kazi ilisimama kwa sababu iliyo wazi. Baadaye ikaja Dashain, sikukuu kubwa ya Nepali.

Katika siku hizo nilitengeneza nta mpya ya kiti. Yungiyungi huota kwenye tope na ua lake hukaa juu ya maji bila kuchafuka, na ndiyo maana Buddha huketishwa juu yake. Safu ya chini ya petali inatazama chini, ya juu inatazama juu. Safari hii nimeongeza njia ya hewa kwenye kila petali ya tatu, na hakuna tabaka lililowekwa kabla ya sindano kutoka kavu. Kiti kimejaa kamili. Shaba ya nyongeza na tanuri: rupia 5,750, na kile kiti kibovu kimeyeyushwa humohumo.

24 Novemba 2024: Tindo na tupa

Kukata mirija, kupiga tupa, msasa. Kazi ndefu isiyo na mengi ya kusimulia. Nakshi za pindo la vazi amezichonga fundi wa nakshi, rupia 15,000, na anastahili zaidi. Tindo na tupa zangu rupia 3,600. Kiwiliwili na kiti havikuunganishwa kwa lehemu, vinashikwa kwa vijino vya shaba vilivyopigwa nyundo.

Vitundu vya mgongoni vilizibwa. Karibu vyote kwa vipini vya shaba nyekundu, ila kimoja cha bega la kushoto kilizibwa kwa kipande cha shaba ya manjano kilichokuwa mezani. Kimepigwa msasa, hakionekani.

22 Desemba 2024: Dhahabu

Kimeonekana.

Dhahabu ya karati 24, gramu 3, husagwa na zebaki mpaka iwe kama siagi. Sanamu husafishwa kwa asidi, hupakwa mchanganyiko huo, inageuka nyeupe yote kama fedha. Kisha hupashwa moto, zebaki inaruka kuwa mvuke, na dhahabu inabaki imeshikana na shaba, kwanza ya kufifia. Mwisho husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Begani, mahali pa ile shaba ya manjano, pakabaki doa la kijivu saizi ya punje ya mchele. Zinki iliyomo ndani yake ilikataa dhahabu. Tumetoboa kipande kile, tukaweka shaba nyekundu, tukarudia bega zima. Dhahabu rupia 39,000 na kazi 14,000; kurudia, nusu gramu rupia 6,500 na kazi 3,000.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu zebaki. Wengi mnaosoma mnawajua wachimbaji wadogo wa Geita au Migori wanaochoma zebaki kwenye kikaango mbele ya nyumba. Ni mvuke uleule. Hauna harufu, unaingia mapafuni na kwenda kwenye ubongo na figo, na mtoto aliye karibu anaweza kuumia zaidi ya mchomaji. Hapa Patan wako mafundi wa dhahabu ambao mikono yao inatetemeka. Aliyetupakia anafanya kazi nje, chini ya bomba lenye feni, na barakoa ya chujio la zebaki, wala si kitambaa. Mimi nilitazama kutoka mbali. Hatua hii msiinakili nyumbani. Dhahabu ya umeme ni nyembamba na rangi yake ni baridi zaidi, lakini ichukueni hiyo, au acheni shaba wazi na kuipaka nta.

19 Januari 2025: Uso

Uso haukuachwa uking'aa. Umepakwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, ambao hautoi mng'ao, ili uso usirudishe mwanga na macho yaonekane. Nywele bluu. Midomo wekundu hafifu. Macho huchorwa mwisho kabisa, na mchoraji hakutaka mtu wa kuzungumza naye. Kope zimeshuka nusu, macho yanatazama mbele kidogo ya pua. Nilipoitazama baada ya wino kukauka, nilikaa pale muda mrefu. Rupia 6,000.

16 Februari 2025: Kujaza

Ule uwazi wa ndani ulikuwa kwa ajili ya siku hii. Vajracharya amejaza mizingo ya karatasi zilizoandikwa mantra, yaani maneno matakatifu, zimekunjwa zikazungushiwa uzi, pamoja na nafaka. Chini pamefungwa bamba la shaba lenye vajra mbili zilizopishana, nililolichonga mwenyewe. Kwa waumini, kabla ya hapo ni shaba nzuri tu. Ukiona sanamu ya kale sokoni ambayo bamba lake limeng'olewa, jua kuna mtu alifungua kutafuta cha thamani.

Bamba na karatasi: rupia 3,500. Jumla ya mradi rupia 114,750, bila kuhesabu muda wangu wala wa mwalimu, na zaidi ya nusu imekwenda kwenye dhahabu na kuipaka.

Kwa atakayekuja kununua hapa: kitu chochote chenye umri unaozidi miaka 100 hakiruhusiwi kutoka Nepali, na hata sanamu mpya inahitaji hati ya Idara ya Mambo ya Kale kuthibitisha kwamba ni mpya. Mwombeni muuzaji hati kabla ya kulipa. Na kabla ya kusafiri pitieni Makumbusho ya Patan, kuna chumba kinachoonyesha hatua za kusubu kwa nta, moja baada ya nyingine.

Nta iliyookolewa mwaka jana imeshachujwa. Kazi inayofuata ni Tara wa kijani, mwanamke mtakatifu wa Wabuddha, ambaye mguu wake wa kulia umeshuka chini kwenye yungiyungi dogo, tayari kuinuka. Nimeanza na mguu huo.